Herufi Moja

Kazi ilianzia nyuma ya stakabadhi ya ghalani,
ya msimu wa juzi, wino umepauka,
maana karatasi nyingine hakuwa nayo.
Nikachora kisanduku: huu ndio ukurasa wa mwanzo.
Chini yake vitatu: sisi ni nani,
tunauza nini, tunapatikana wapi.
Bi Somoe Litunu akaviinamia
kama anayekagua nyumba ya mkwewe.
"Mlango uko wapi?
Na mgeni akija usiku nani anamfungulia?"

Nikasema, tovuti hailali.

"Basi itachoka."

Nilikuwa nimepanda Newala alfajiri kutoka Chikongola,
kompyuta mgongoni, maneno ya kazi mdomoni:
lengo, mlengwa, muundo, mwonekano.
Yeye alikuwa na neno moja tu, bei.
Miaka yote bei waliisikia ikitoka kwa mwingine,
safari hii itoke kwao.
"Iweke juu kabisa, kwa herufi nono,
nzima kivyake, vipande kivyake."
Nikafuta kisanduku cha dira na dhamira.
Hakuna aliyekiulizia.

Jina tulilinunua siku ileile.
Nilipomweleza kwamba hulipiwa kila mwaka
alivua miwani.
"Kumbe jina letu ni la kupanga? Kama fremu za sokoni?"
Kama fremu za sokoni, mama.
"Na kodi ikichelewa?"
Anaingia mwingine.
Akaandika tarehe ukutani kwa mkaa,
mstari mnene, chini ya deni la chumvi.

Wiki mbili nilijifungia.
Bano moja lisilofungwa likaangusha ukurasa mzima,
nikalitafuta mpaka adhana.
Nikaujaribu kwenye simu ya jirani,
kioo kina ufa, bando la mwisho wa mwezi:
picha ya kwanza ilifunguka polepole,
ungemenya chungwa ukalimaliza.
Nikazipunguza uzito zote
isipokuwa moja niliyoionea fahari,
mikono yao wakibangua,
majivu hadi kwenye kiwiko,
ngozi ya vidole imebabuka kwa mafuta ya maganda.
Niliitandaza upana wote wa ukurasa.
Nilijiona fundi.

Nikapanda tena kwenda kuwaonyesha.
Nyundo zikanyamaza.
Zuhura Nampota akauliza, "Mikono ya nani hii?"
Yenu.
"Yangu ni ipi?"

Sikujua.

"Mikono ukiiita haiitiki," alisema Bi Somoe.
"Weka nyuso. Na majina.
Mtu akila likamkereketa koo
ajue wa kumgombeza."

Wakakaa mmoja mmoja kwenye gunia,
mgongo umenyooka kama wa picha ya kitambulisho.
Mmoja alikwenda kunawa mara mbili.
Ukitazama vizuri utaona
hereni za Zuhura zimo katika picha zote kumi na moja.

Nusu ya malipo waliniletea taslimu, nusu korosho,
na nilizila zile nilizoahidi kumpelekea mama.

Siku ya kwanza hewani
nikafungua hesabu ya wageni: kumi na mmoja.
Nikapiga kofi peke yangu chumbani,
kisha nikatazama vizuri.
Ni simu moja,
iliyozungushwa mkono kwa mkono.

Saa nne usiku ikanipigia.
"Umemwandika Esha Chipoka 'Asha'."
Nilidhani mlikosea kuandika, nikawarekebishia.
"Asha ni mke mwenzie."
Kimya kidogo, mtoto akilia nyuma.
"Amelala bila kula."

Sikusubiri asubuhi.
Nikaingia kwa nywila, ukurasa wa pili,
picha ya saba, yule aliyefumba jicho kidogo.
Nikafuta A.
Nikaandika E.
Nikahifadhi.